Ziwa Nyasa kwa Meli: Kushuka Bandarini ni kwa Mpango

Wakazi wa Njombe na Makambako wanaoiwazia safari ya meli wakati wa likizo wasidhani kuwa ni lazima wafike Tanga au Unguja. Meli ya MV Mbeya II, yenye nafasi ya abiria 200, hushuka Ziwa Nyasa kutoka Kyela hadi Mbamba Bay, ikipitia Lupingu na Manda, wilayani Ludewa, chini ya Milima ya Livingstone. Kwenda ni kwa njia ya Mbeya. Kurudi ni kwa Songea na Njombe hadi Makambako. Ratiba iulizwe mapema.

Bandarini hakuna wa kuwaongoza, na muda wa kusimama huamuliwa na shehena. Basi chagueni jambo moja tu kila mnaposhuka. Liuli, kwa mfano, watoto waonyeshwe ghuba ambamo Agosti 1914 meli ya Waingereza, Gwendolen, iliishambulia Hermann von Wissmann ya Wajerumani.

Kabla ya kushuka, muulizeni baharia saa ya kung'oa nanga. Dawa na fedha zisiachwe melini, kwani anayeachwa hana meli ya jioni: atangoja safari ijayo, ugenini, pamoja na watoto.