Kupanda na Mto Sigi

Asubuhi mji wa Muheza hunukia machungwa. Yamepangwa mafungu kando ya barabara, na kondakta wa gari la Amani anamenya jingine huku akiapa kwamba tunaondoka sasa hivi. Sasa hivi ya Muheza ina urefu wake. Ilinitosha kumaliza bada na mchuzi wa samaki, na kumrudia mpishi kwa sahani ya pili.

Tukishaacha mashamba, msitu unabana barabara pande zote, na mto Sigi unajitokeza kwa chini: mwembamba, maji maangavu juu ya mawe meusi. Getini pana jengo la kituo cha reli la enzi za Wajerumani. Reli ilishakufa, lakini kituo bado kinapokea wasafiri, sasa wa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani iliyotangazwa mwaka 1997.

Hapo ndipo mlima unapoanza kazi. Kutoka kama mita 450 hadi 900 hivi, kona juu ya kona, joto la Tanga linabaki nyuma na harufu ya iliki inaingia dirishani. Upepo wa Bahari ya Hindi hugonga Usambara Mashariki kabla ya milima mingine ya bara, ukapanda, ukapoa, ukamwaga mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka. Sigi hukusanya mvua hiyo na kuirudisha baharini karibu na Tanga. Siku hiyo sehemu yangu ilimwagwa yote barabarani. Gari likateleza, tukashuka kusukuma, na tope likapanda hadi magotini. Hakuna aliyelalamika, mama mmoja alifunga khanga kiunoni akatupangia zamu.

Amani ni bustani iliyoachwa ikue inavyotaka. Wajerumani walianzisha kituo cha utafiti hapa mwaka 1902 wakapanda miti ya mabara mengine, lakini mimi nilivutwa na wenyeji: msambu, ambao mbegu zake hukamuliwa mafuta, na ua dogo la zambarau linaloshikilia miamba yenye kivuli kando ya vijito. Baron mmoja, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka ua hilo Ulaya. Leo limejaa kwenye vyungu vya madirishani huko. Hapa linanyeshewa bure. Kulipiga picha ni shughuli, maana siafu hawamsubiri mtu apange kamera.

Jioni baridi ilinifukuza hadi jikoni kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Sogea motoni, utakufa na baridi yetu."

Akanimiminia chai ya iliki, akaleta ndizi za nazi, akaongeza kabla sijamaliza. Nilipomwambia narudi Tanga mjini, ambako maji ya bomba hutoka bwawa la Mabayani kwenye mto huuhuu, alicheka hadi mwiko ukamdondoka.

"Basi ukifika uwasalimie. Waambie sisi tumeshaoga kwanza."