Mtali wa Mama

Juzi jirani yetu Mkongomani alituuliza, "Jamani, nyinyi watu wa Barawa, hivi vitu vya fedha mnavitengenezaje na hamna mashine hata moja?" Tulicheka, tukamwambia angoje gazeti la mwezi. Basi leo tunamjibu yeye na wengine wote. Na fedha tunayosema hapa ni ile madini meupe, si ya noti. Ya noti hatuna.

Sisi ni kaka na dada, watoto wa sonara. Baba yetu alikuwa na kibanda Barawa, mji wa pwani ya kusini ya Somalia, ambako kwetu tunasema Chimwini, lugha ndugu na Kiswahili. Vita vilipofika mwaka 1991 tulipanda boti hadi Mombasa. Mama alivaa mitali yake miwili ya fedha, vile vikuku vya mguuni, akaifunika kwa nguo ndefu. Baba alificha ndani ya gunia la unga nyundo yake ndogo na bamba la chuma lenye matundu. Vingine vyote vilibaki.

Mtali wa kwanza uliuzwa Mombasa, ndugu yetu mdogo alipougua. Hatukuujutia, mtoto alipona. Kambi za pwani zilipofungwa tukaletwa Kakuma, mwaka 1997, na mtali mmoja. Mama aliuweka ndani ya mto wa kulalia miaka saba.

Mwaka 2004 ndugu zetu wawili walipata safari ya Marekani. Sisi wawili jina letu halikutoka. Usiku ule mama akautoa mtali, akamwekea baba mapajani. "Baba watoto, mguu mmoja hauvai mtali. Uvunje, kila mtoto apate chake." Baba alinyamaza muda mrefu. Mtali ule aliufua mwenyewe kabla ya harusi yao, kwa reale nne, zile sarafu kubwa zenye sura ya malkia Maria Theresa na mwaka 1780. Reale moja ina gramu 28 hivi, na katika sehemu 1,000 za uzito wake, 833 ni fedha safi. Masonara wengi wa pwani waliziyeyusha. Reale nne, watoto wanne. Hesabu ilikuwa imekaa tayari.

Lakini mikono ya baba ilikuwa imeanza kutetemeka. Akasema, "Mtafanya nyinyi. Mimi nitakaa kwenye mkeka niseme."

Kwanza ni kuyeyusha. Fedha safi huyeyuka kwenye nyuzi joto 962, na iliyochanganywa na shaba huanza chini ya hapo. Tulitumia makaa, mvukuto wa ngozi na kikombe cha udongo. Baba hakuwa na kipimo, alitazama tu. Fedha ikigeuka kama kioo kinachozunguka, mimina. Tukamimina kwenye kalibu ya chuma, ikatoka kama kidole kirefu.

Pili ni kufua na kuvuta waya, na hapa ndipo tunapopapenda kuliko pote. Unagonga mpaka fimbo inakuwa nyembamba, unachonga ncha, unaipaka sabuni, unaipitisha kwenye tundu la bamba na kuivuta kwa koleo. Kisha tundu dogo zaidi, kisha dogo zaidi. Lakini fedha ikigongwa na kuvutwa inakuwa ngumu, ukilazimisha inapasuka. Kila baada ya matundu mawili au matatu lazima uirudishe motoni mpaka iwe nyekundu ya kufifia, uitoe, uipoze kwenye maji. Inalainika tena. Wekundu ule hauonekani juani, ndiyo maana baba alitufanyisha kazi magharibi, kivulini. Sisi vijana tulikuwa na haraka, tukaruka moto mara moja. Waya ukakatika. Baba akasema tu, "Haya, anzeni."

Tatu ni kazi ya waya. Unachukua nyuzi mbili nyembamba, unazisokota pamoja, kisha unazipondaponda kidogo. Ukingo wake unakuwa kama shanga ndogondogo. Unazikunja kwa kibano kuwa maua na mizunguko, unazipanga ndani ya fremu ya waya mnene, zibanane zisicheze. Dada ndiye aliyeweza hii. Zamani kwetu ilikuwa kazi ya wanaume, lakini baba alitazama vidole, hakutazama mengine.

Nne ni kulehemu, na hii ndiyo ya kutoa jasho. Lehemu yetu ni sehemu mbili za fedha na moja ya shaba ya manjano, inayeyuka kabla ya fedha yenyewe. Unaisaga kwa tupa iwe unga, unachanganya na boraksi, unainyunyiza, kisha unapuliza moto kwa mrija. Usitumie risasi, ndugu zetu. Moshi wake ni sumu, na siku fedha ile ikipata moto mkali, risasi inaitoboa.

Kikuku cha nne, cha kaka anayebaki, tulikipuliza kupita kiasi. Kufumba na kufumbua ua zima likaanguka likawa tone. Kazi ya siku tatu! Dada akalia. Ndugu zetu walikuwa wamebakiza siku nne waondoke, tukaona aibu hata kumtazama mama.

Baba akaliokota lile tone, akaligeuzageuza. "Wanangu, mnaona lilivyo duara? Hakulifanya mtu, fedha ikiyeyuka kidogo inajikusanya yenyewe." Akatuagiza tukate waya ulioharibika vipande sawasawa, tuvipange juu ya kaa la moto mbalimbali, tupulize. Kila kipande kikawa punje ya mviringo. Tukazipanga punje zile juu ya kikuku pale maua yalipokuwa, tukalehemu polepole. Ndiyo kazi ya punje, na hatukuwa tumeijua mpaka siku ile tulipoharibu.

Mwisho tukavichemsha vyote kwenye maji ya ukwaju na chumvi ili weusi wa moto utoke. Humo usitie koleo la chuma, maana fedha itapakwa wekundu wa shaba. Tukasugua kwa jivu laini na kitambaa.

Asubuhi ya safari mama alivaa vikuku vyote vinne mkono mmoja, akatembea navyo kutoka nyumbani mpaka mahali basi liliposimama. Pale akavivua kimoja kimoja. Viwili vikapanda basi. Viwili tunavyo hapa.

Baba alifariki mwaka 2009, mama mwaka 2016. Nyundo ipo, bamba lipo. Siku hizi fedha ni adimu, kwa hiyo vijana tunaowafundisha jioni wanaanza na waya wa shaba kutoka nyaya mbovu za umeme. Shaba nayo inataka mambo yaleyale: igonge, ikigoma irudishe motoni. Wako Wakongomani wawili, Mrundi mmoja na binti wa Kisomali ambaye tayari anatushinda kusokota. Wakiharibu, hatuwagombezi. Tunawapa kipande cha kaa na kibano, wanakata waya, wanapuliza.

Wazazi wenzetu, kila nyumba humu kambini ina mtu anayejua kitu: kusuka mikeka, kushona viatu, kutengeneza ngoma. Mkalisheni mzee huyo mkekani akiwa bado ana pumzi ya kusema, na mtoto akae karibu na vifaa mkononi. Sisi tulikaribia kuchelewa, mikono ya baba ilikuwa imekwisha na sauti ndiyo iliyobaki.

Ndugu yetu wa Marekani alipiga simu mwezi jana. Binti yake anaolewa na anataka kikuku kama cha bibi. Tumemwambia atume kipimo cha mkono.