Kuigiziwa Msitu

Mbuni wa kahawa ya arabika asili yake ni misitu ya nyanda za juu za Ethiopia, ambamo huota kivulini mwa miti mikubwa. Wamisionari wa Kilema walipouleta Kilimanjaro mwishoni mwa karne ya 19, Wachagga hatimaye waliupokea vihambani mwao, chini ya migomba, nayo migomba chini ya miti mirefu zaidi. Mbuni haukubadilishwa; uliigiziwa msitu. Nautaja kwa kuwa ndio ulionifumbulia kazi ya programu inayouendesha mfumo mmoja wa kompyuta ndani ya mwingine.

Mwalimu mmoja wa Marangu, Mungu amrehemu, alitunga mashairi ya arudhi (naam, wenzetu wa visiwani, hata huku mlimani yapo). Mjane wake aliniletea Moshi disketi tatu, akasema: “Shemeji, humu ndimo alimo mwenzio.” Mashairi aliyaandika kwa WordPerfect 5.1, programu ya mwaka 1989 iliyoendeshwa katika mfumo wa DOS, herufi nyeupe juu ya kioo cha buluu. Programu ya siku hizi iliyafungua mafaili yale, lakini marehemu alikuwa ameyapanga kwa safu mbili, ukwapi huku na utao kule, nayo ikazichanganya. Vina vya kati vikapotea machoni. Maneno yote yalikuwapo, shairi halikuwapo.

Nikaijaribu DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, katika kompyuta yangu ya Linux. Huiga kompyuta nzima ya zamani. Kila amri ambayo WordPerfect inakipa kichakataji kisichokuwapo, DOSBox huidaka na kuitekeleza kwa mashine ya leo. Kabrasha la kawaida huambiwa ndilo diski C, na programu ile kongwe husadiki. Hata kasi waweza kuipunguza, mgeni asikimbizwe.

Mimi ni mfasiri. Miaka mingi nimeyavua mashairi ya watu nguo zao nikayavika zetu. Programu hii haimgusi mgeni. Inachofasiri ni ardhi aliyosimama juu yake. Niliionea wivu, nakiri, ingawa sikubali kwamba imetushinda: shairi lililofasiriwa hutembea likakutana na watu, hili hukaa chumbani mwake likimngoja anayejua kwamba mlango wa kutokea ni kitufe cha F7.

Hata hivyo, ni chumbani mle nilipoyaona yaliyofichika. Katika shairi la mwisho la disketi ya tatu, programu ya leo ilikuwa imeubana mshororo wa mwisho ukaonekana mfupi tu. Juu ya kioo cha buluu ukwapi wake ulisimama kamili, na mbele yake safu ya utao ilikuwa tupu. Shemeji aliniomba niijaze. Mizani minane tu, alisema, nawe ni mshairi. Diwani imekwenda kwa mpiga chapa na nafasi ile ikiwa wazi.