Picha za uwanjani, mali ya nani?

Jamani, hivi kuna mtu anayesoma yale maandishi madogo madogo ya tiketi ya mpira, au lile tangazo refu la getini? Mimi sijamuona. Tunatazama bei, tunatazama jukwaa, basi, mguu wa kwanza ndani. Kumbe mle ndimo mna mambo!

Viwanja vingi vikubwa duniani vinakuruhusu kupiga picha za kwako mwenyewe, za kuonyesha nyumbani na kutambia washikaji. Ukianza kuuza, au kurusha video ya mechi, umevunja masharti na unaweza kutolewa nje. Katika Kombe la Dunia la 2010 kule Afrika Kusini, mtazamaji aliruhusiwa kuingia na kamera ya matumizi binafsi na seti moja tu ya betri za akiba. Betri zinahesabiwa, bwana wee!

Agosti 2014 Manchester United wakaja na kali yao: Old Trafford hakuna kuingia na kompyuta wala tableti inayozidi sentimita 15 kwa 10, eti usalama. (Wengi waliofurahi ni wale waliokuwa wanakaa nyuma ya watu wenye matableti.) Mwezi huohuo Ligi Kuu ya Uingereza ikawaonya mashabiki waache kurekodi magoli na kuyasambaza mitandaoni.

Sasa mimi yalinikuta hapahapa mjini. Mdogo wangu anajifunza kazi ya picha, ana kamera ya maana yenye lenzi ndefu, ya kuazima. Siku hiyo tulimpeleka Mzee wetu mpirani. Mzee alikuwa hajakanyaga uwanja miaka mingi, miguu ilikuwa inamsumbua, lakini jezi yake ya kijani na njano alikuwa ameinyoosha tangu usiku. Tulitaka apigwe picha ya nguvu, ya kuweka ukutani.

Getini jamaa mmoja akaitazama ile lenzi. “Hii ya biashara. Hairuhusiwi.”

“Bro, namchukua baba tu,” mdogo wangu akamwambia.

“Sheria ni sheria, dogo.” Halafu akashusha sauti, akasema labda tuongee vizuri. Mnaelewa maana yake. Mdogo wangu akagoma kutoa kitu, akageuka na kamera yake hadi nyumbani. Mechi akaisikia redioni.

Ndani nilikuta simu mamia zimenyooshwa juu, watu wanarekodi kona, penalti, ugomvi, kila kitu. Tena wengine wanarusha moja kwa moja. Hakuna aliyewagusa. Sharti linasema usifanye biashara, yule jamaa anapima urefu wa lenzi! Nikampiga Mzee picha moja kwa simu yangu. Imetoka na ukungu kidogo na mkono wa jirani upande wa kushoto. Mzee hakurudi tena uwanjani, miezi mitano baadaye tulimzika. Hiyo ndiyo iliyopo ukutani.

Siwabezi wenye mpira, pesa wanayoilinda ni kubwa. Mwaka 2021 Azam walisaini mkataba wa shilingi bilioni 225.6 kuonyesha Ligi Kuu ya Bara kwa miaka 10. Anayerusha mechi kwa simu kutoka jukwaani anakula sahani ya mwenzake. Hilo nakubali.

Lakini hapa pana utamu. Oktoba 2011 Mahakama ya Ulaya, katika kesi ya Ligi Kuu ya Uingereza, ilisema mechi yenyewe haina hakimiliki, kwa kuwa wachezaji wanafuata sheria za mchezo, hawatungi kitu kama mwandishi wa riwaya. Nembo, wimbo wa ligi na michoro ya kwenye televisheni hivyo vinalindwa. Ndiyo maana wenye viwanja wanakubana kwa tiketi: uwanja ni wao, ukiingia umekubali masharti. Na huku kwetu, Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inaitambua picha kuwa kazi inayolindwa. Kwa hiyo waliotaka lenzi ndefu ibaki nje walipaswa kuliandika hilo waziwazi, tukalisoma kabla ya kutoka nyumbani, badala ya kumwachia mtu wa getini aamue kwa jicho na kwa njaa yake.

Mdogo wangu sasa anahangaikia kizibao cha wapiga picha, akae nyuma ya goli na wenzake. Anazungushwa, lakini hajakata tamaa.

Na wewe uliyemuaga mama watoto kwamba unakwenda msibani Kibaha, nikupe siri moja. Masharti ya tiketi nyingi yanasema ukiingia umekubali kupigwa picha na kuonyeshwa kwenye televisheni, bila malipo. Kamera yao ikikunasa jukwaani na huyo “shemeji” wako, huna pa kudai.