Kutoka Kalobeyei Kwenda Kisiwa cha Kati

Mtu wa pwani akiambiwa kuwa Turkana kuna kisiwa, hucheka. Nasi tulicheka. Kwetu Turkana ilikuwa jua, vumbi na ngamia, na tulipoalikwa kusomesha siku nane katika madrasa moja ya Kalobeyei, hatukuwaza kabisa kwamba tutapanda chombo. Kwa kuwa wako wasomaji wetu wenye jamaa na wanafunzi huko, na likizo imekaribia, tumeona tuwaandikie tuliyoyajua, pamoja na kosa tulilolifanya.

Kalobeyei ni makazi ya wakimbizi na wenyeji yaliyofunguliwa mwaka 2016, jirani na kambi ya Kakuma iliyoanzishwa mwaka 1992. Ndege za Nairobi hutua Lodwar; mabasi hupitia Kitale, na safari hiyo huchosha mifupa. Kutoka Lodwar hadi Kakuma ni kilomita 120 hivi kwa matatu. Mgeni huhitaji ruhusa ya idara ya serikali inayosimamia wakimbizi, nayo iombwe kabla hamjafunga mizigo. Lugha si shida, kwani Wakongo na Warundi watawajibu kwa Kiswahili. Kwa Waturkana, anayeanza na "Ejoka" hupokewa kwa uso mkunjufu. Nanyi wenye madhehebu ya Imam Shafi, kumbukeni kuwa aliyenuia kukaa siku nne kamili, bila kuhesabu ya kuingia na ya kutoka, hukamilisha sala zake; sisi tulikamilisha Kalobeyei, tukarejea kupunguza tulipoondoka.

Aliyetutajia kisiwa ni mwenyeji wetu, ustadhi kijana, mtoto wa mvuvi wa Ziwa Tanganyika upande wa Kongo. Tangu alipokimbia kwao hajaona maji makubwa. Tukamwambia, "Mwanetu, tutakwenda pamoja." Tuliahidi kwa wepesi wa mtu ambaye hajawahi kuulizwa anakwenda wapi. Mkimbizi hatoki eneo lile bila kibali cha safari, na sisi tulikumbushwa jambo hilo siku mbili kabla ya kuondoka. Ombi likapelekwa mbio, jibu halikuwahi, na tiketi zetu za ndege zilikuwa zimekwisha kukatwa. Alitusindikiza hadi kituo cha matatu akiwa ameshika mkoba wetu.

Kwa hiyo, anayetaka kumchukua mwenyeji wake matembezini na aanze na kibali cha mwenyeji, wiki kadhaa mapema, ndipo akate tiketi yake.

Kutoka Lodwar tulikwenda Kalokol, kilomita 60 hivi, tukipita mahali penye nguzo za mawe ya kale zilizosimama kando ya njia. Ada ya hifadhi hulipwa kwa eCitizen. Ilipeni mkiwa Lodwar, mtandao ukiwa mzuri. Pesa taslimu ziwekeni kwa ajili ya mashua, na bei ikatwe kabla ya kupanda, ya kwenda na kurudi pamoja na kusubiri. Msipande pasipo maboya ya kuvaa, hata kama mmezaliwa Lamu.

Twasema hivyo kwa sababu ziwa lile humdanganya mtu wa bahari. Halina kupwa wala kujaa. Upepo wake mkali hutoka kusini mashariki kama kusi letu, lakini huamka ghafla. Tulichelewa kuondoka kwa kusubiri chai na mahamri, ukatukuta kisiwani. Nahodha akatazama maji, akaketi, akakataa kurudi mpaka utulie. Adhuhuri na Alasiri tulizikusanya hapo hapo. Maji ya ziwa yana magadi, lakini ndiyo asili yake, na yafaa kwa udhu. Ila yachoteni kwa ndoo mkiwa chomboni, msichutame ufukweni, kwani mamba ni wengi. Ya kunywa bebeni maradufu ya mnavyodhani. Sisi tulibaki na chupa moja kwa watu watano.

Kisiwa chenyewe ni mlima wa volkano, kilomita mraba tano hivi, kikiwa katika urithi wa dunia wa UNESCO tangu 1997. Ndani yake mna maziwa matatu madogo yaliyojaa katika vinywa vya volkano: la mamba, la heroe na la tilapia. Kupanda ukingoni ni juu ya majivu na mawe makali, kwa hivyo ndara ziacheni nyumbani. Kutoka juu twaliona ziwa la kijani ndani ya shimo jeusi, na nje yake ziwa jingine lisilo na mwisho. Hatukusema neno kwa muda.

Tuliporudi Lodwar tulimpelekea ustadhi samaki wakavu kwa matatu ya Kakuma. Usiku akapiga simu. Hakuuliza habari za mamba. Alitaka kujua mashua ilikuwa ya mbao gani, na mawimbi yalipiga tanga au ubavu. Tulimjibu tulivyoweza, kisha tukamwomba aandike ombi jipya la kibali kesho yake asubuhi, kwa ajili ya mwezi wa Shawwal.