Tulirudiana, Lakini kwa Nyimbo za Zamani

Nikiri mapema, msomaji: mimi si mpenzi wa muziki wa kantri. Mpenzi ni mume wangu. Kakulia Arusha, kwa baba aliyekuwa akipiga santuri za Jim Reeves kila Jumapili, kwa hiyo tulipohamia Houston mwaka 2004, mwenzangu alijiona kama amefika kwao. Mie nilichokiona ni joto tu, na bili.

Mwaka 2006 tuliachana miezi saba. Hakuna nyumba ndogo hapo, jamani. Ni hela. Alikuwa akituma fedha nyumbani bila kuniambia, na mimi nikaja kujua kwa kuona karatasi ya benki. Wazee wakapiga simu kutoka huku na kule, shangazi akalia, tukapatanishwa. Akarudi na begi lake.

Shosti, watu hawakwambii kuhusu siku zinazofuata. Tulikuwa na adabu kama wapangaji. Tukitaka kucheka tunakumbushana harusi, au ile siku ya mishikaki Coco Beach. Ya kale matamu, lakini mpya hatukuwa nayo hata moja.

Basi Oktoba 30, 2007, akatoka kazini akapitia Walmart, akarudi na albamu ya Eagles, Long Road Out of Eden. Marekani wakati ule hukuipata kwenye duka la kawaida la muziki, ilikuwa Walmart na maduka yake dada. Swali langu la kwanza? "Shilingi ngapi?" Ndivyo tulivyokuwa. Chini ya dola 12, CD mbili, nyimbo 20.

"Nimeingoja miaka 28 hii," akasema.

"Wewe? Una miaka 33!"

Nikacheka, na yeye akacheka. Akanisimulia sasa, sahani mkononi. Albamu yao ya studio kabla ya hiyo, The Long Run, ilitoka 1979. Julai 1980, jukwaani Long Beach, California, Glenn Frey na mpiga gitaa Don Felder walikuwa wakitishiana kupigana katikati ya nyimbo, huku watu wanashangilia hawajui kitu. Kundi likavunjika. Don Henley akasema watarudiana siku jehanamu ikiganda barafu. Mwaka 1994 wakarudiana, na albamu ya kurudi wakaipa jina hilohilo, Hell Freezes Over. Nyimbo mpya ndani yake? Nne tu. Nyingine zote za zamani.

"Kwa hiyo miaka 13 wanazunguka dunia na nyimbo za zamani?"

"Ndizo watu walizotaka."

"Na wao wenyewe je?"

Hakujibu. Akaenda kuosha sahani ambayo alikuwa hajamaliza kulia.

Tukaisikiliza yote usiku ule. Mnaotaka ukweli wangu: ni ndefu mno, ningepunguza nyimbo sita bila kujuta. Wimbo uliobeba jina la albamu unapita dakika kumi na umejaa vita na dola kubwa, si wa kupikia. "How Long", uliopata Grammy mwaka 2008, wala haukuwa mpya, J.D. Souther aliurekodi 1972. Lakini ule wa kwanza kabisa! Ala karibu huzisikii, ni sauti zao tu, Henley, Frey, Joe Walsh na Timothy B. Schmit, ambaye siku hiyohiyo alikuwa anatimiza miaka 60. Huwezi kuimba vile kama humsikilizi aliye pembeni yako. Felder hakuwemo. Walimwondoa 2001 na mambo yakaishia kwa mawakili, kwa hiyo si kila aliyegombana alirudi kuimba.

Wiki ya kwanza waliuza nakala 711,000, na Billboard wakabadilisha sheria yao ili albamu ya duka moja ihesabike. Ikaingia namba moja, ikampita Britney Spears. Mume wangu alitangaza habari hiyo kama kachaguliwa mbunge.

Ila usiku ule, ilipofika CD ya pili, ndipo alipozungumza. Zile hela zilikuwa za ada ya mdogo wake, chuo cha uuguzi. Dola 250 kila mwezi.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Niliogopa utakataa."

"Ningekataa," nikamjibu. Kweli ningekataa, sikuona sababu ya kujipamba. Tulikuwa tunadaiwa kodi.

Tukakaa kimya karibu wimbo mzima. Kisha nikatoa daftari la watoto, nikapiga mstari katikati. Tukabishana mpaka saa saba usiku, na nyingine zilikuwa kelele kweli, jirani akagonga ukuta. Tukaandika dola 150, yeye akasaini upande wake, mimi wangu, kama watu wa mkataba.

Glenn Frey alifariki Januari 18, 2016, akiwa na miaka 67. Albamu nyingine ya studio hakutoa na wenzake. Sisi tulikuwa tumesharudi Arusha. Mume wangu aliweka zile CD kwenye gari, tukazunguka mpaka Usa River na kurudi bila shughuli yoyote. Ya pili ina mkwaruzo, inaruka wimbo wa nne, na hataki nimnunulie nyingine. Daftari sasa ni la tisa. Mwezi uliopita tumegombana tena, safari hii ni mimi niliyetuma bila kuandika.