Sahani Hairudi Tupu

Wasomaji wetu watukufu hawahitaji kuelezwa desturi ya sahani. Jirani akikuletea chakula, haifai kumrudishia chombo chake kitupu. Hutiwa japo konzi ya sukari, japo ndimu mbili tatu, kikarudi kwao na kitu ndani. Watu wa pwani tumeizoea desturi hii hata hatuitambui tena, kama vile mtu wa Mombasa asivyosikia tena kelele za kunguru. Leo twataka kusimulia jinsi desturi hiyo njema ilivyofuatwa nyumbani kwetu kwa miaka minane bila ya kumshibisha aliyekusudiwa, na aibu iliyotupata siku tulipogundua.

Tangu mwaka 1996 tulikaa katika nyumba ya ghorofa katika Mji wa Kale. Chini palikuwa na maduka mawili, juu yake sisi, na juu yetu jamaa ya Wahindi wa Kibaniani, kama tulivyozoea kuwaita. Mwenye nyumba hiyo ya juu alikuwa na duka la vitambaa katika mtaa wa Biashara, akikaa na mkewe, binti yao mdogo, na mama yake mzee. Mjukuu akimwita mzee huyo Ba, ndivyo Wagujarati wamwitavyo mama au bibi. Watoto wetu nao wakashika jina hilo, na mwishowe sisi sote tukawa twamwita Ba.

Kila Ramadhani, kabla ya adhana ya magharibi, mama watoto wetu alikuwa akijaza sahani sambusa na katlesi za nyama, akafunika kawa, akampa mtoto aipeleke juu. Ba aliipokea kwa mikono miwili. Kesho yake sahani ilirudi inang'aa kwa kuoshwa, na ndani yake mna mapapai au sukari. Nao ilipofika Diwali walituteremshia sinia la stili lililojaa ladu, jalebi na chevda. Sisi tulijiona tu majirani wema kupita kiasi. Hata katika mazungumzo ya barazani tulipenda kuitaja habari iliyopokewa na Tirmidhi ya Sahaba Abdullah bin Amr, ambaye kwake kulichinjwa mbuzi, naye akawa anauliza kama jirani wao Myahudi amekwisha kupelekewa. Tukiisimulia habari hiyo huku tukijifikiria wenyewe.

Mwaka 2004 Diwali iliangukia tarehe 12 Novemba, nasi tumo katika siku za mwisho za Ramadhani. Msomaji asistaajabu, kwani sikukuu zote mbili zafuata mwezi. Diwali ni usiku wa kiza, mwezi usipoonekana kabisa. Idi yetu ni mwezi huo huo unapoandama. Illa Wahindi huongeza mwezi mmoja kila baada ya miaka miwili au mitatu ili sikukuu zao zisitoke katika majira yake, na sisi hatuongezi, ndiyo maana Ramadhani huzunguka mwaka mzima. Basi mwaka huo, na mwaka 2005, na 2006, taa zao na mwandamo wetu vilifuatana kwa siku chache tu.

Siku mbili kabla ya Diwali hiyo, binti yetu wa miaka saba alipeleka sahani kama kawaida. Baada ya kufuturu akateremka mara ya pili kununua barafu, akamkuta mlinzi wa maduka amekaa barazani, na sahani yetu i magotini pake. Mlinzi, mtu asiye na hila, akamwambia, "Mwambie mama Mungu amzidishie. Kila mwaka Ba hunipa mimi."

Mtoto akapanda mbio kutuletea habari. Mama watoto akaweka chini kikombe cha uji. "Miaka minane! Mikono yangu yachomwa na mafuta, kumbe namkaangia mlinzi? Huku ni kutudharau." Nasi tukaongeza maneno yetu, ambayo hatutayaandika hapa, ila moja ni lazima tulitaje. Tulisema, "Baniani mbaya." Wote mwajua mwisho wa methali hiyo, kwamba kiatu chake ni dawa, na kwa hakika methali yenyewe yamsuta yule amtukanaye mtu naye huku akihitaji kitu chake. Lakini sisi hatukufika kwenye kiatu. Tulikomea hapo pa mwanzo, na mtoto yupo, anasikiliza.

Halafu mtoto akauliza, "Mbona na sisi ladu zao twampa muuza maji?"

Hapana aliyemjibu. Ilikuwa kweli. Kila Diwali sinia lilipoteremshwa tulishukuru kwa maneno matamu, likawekwa juu ya kabati, na asubuhi akija muuza maji na mkokoteni wake tukammiminia vyote katika mfuko. Tulichelea kwamba vyakula hivyo vimewekwa mbele ya masanamu yao. Hatukupata kuuliza, tukiona kuuliza ni kukosa adabu. Baadaye tulipata kujua kwamba muuza maji na mlinzi walikuwa wakila pamoja katika baraza ile ile, huyu akitoa ladu na yule sambusa, kila kimoja kwa wakati wake. Katika nyumba ile, waliokuwa wakila vya majirani ni hao wawili peke yao.

Usiku wa Diwali ukafika. Vipandio vya juu viliwekwa vitaa vya mafuta, na mbele ya mlango wao palichorwa maua kwa unga wa rangi. Sinia halikuteremka. Kwa mara ya kwanza katika miaka minane halikuteremka, wala mjukuu wa Ba hakuja kucheza. Tulipombana binti yetu akaanza kulia, akasema kwamba jana waligombania mdoli ngazini, naye akamwambia mwenzake, "Bibi yako Baniani mbaya."

Tuliposwali tarawehe hatukuwa na raha. Tuliporudi, tukamchukua mama watoto na mtoto mwenyewe tukapanda juu. Tulikwenda mikono mitupu, maana tungechukua nini? Kila kilichokuwa jikoni kwetu usiku ule kilikuwa na nyama, au samaki, au yai.

Mwana wa Ba alitufungulia, uso umekunjamana. Ba alikuwa ameketi juu ya kitanda cha bembea. Mtoto akaomba radhi kwa sauti isiyosikika, nasi tukasema wazi kwamba neno lile si la mtoto, ni letu. Kiswahili cha Ba kilikuwa cha kuvunjika, nasi hatutakiiga hapa, kwani Kigujarati chetu ni kibaya zaidi. Alisema kwamba tangu kuzaliwa hajatia kinywani nyama, wala samaki, wala yai, na jikoni mwake havijapata kuingia. Sahani yetu ilipokuja aliipokea kwa kuwa tumemkumbuka. Akaiweka nje ya jiko, akampa mlinzi, akaiosha mbali na vyombo vyake, ndipo akaijaza. "Ningewaambia msilete," alisema, "mngedhani nawakataa ninyi."

Kisha akatuuliza, "Na ladu zangu, mwala?"

Tukamwambia kweli. Akanyamaza kitambo, akimtazama mkwewe. Ndipo akasema kwamba ladu zetu hazijapata kuwekwa mbele ya mungu wake hata siku moja. Alijua Waislamu hawali kilichowekwa huko, kwa hiyo kila mwaka, kabla ya ibada, aliteka kwanza sehemu yetu, akaitenga katika sinia lile. Miaka minane alikuwa akitutunzia dini yetu bila ya kututajia, na sisi hata nyama kama anakula hatukuuliza. Mji mzima wa Mombasa wajua kwamba Mbaniani hali nyama! Sisi nasi tulijua. Lakini sahani ile tulikuwa tukiipeleka kwa ajili ya thawabu zetu, na aliyeko mlangoni hatukumtazama.

Mama watoto ndiye aliyelia, akamshika Ba mkono. Yule mwana wa Ba akaagiza chai.

Tulimwendea mwalimu wetu wa darsa. Akatwambia kwamba katika vyakula vya wasio Ahlul Kitabu kinachokatazwa ni walichokichinja. Kisichokuwa cha kuchinjwa, wala hakikuingia najisi, wala hakikutolewa kwa masanamu, ni halali, na asiyejua aulize. "Mlikuwa na ngazi moja," akasema, "hamkuweza kuuliza?"

Ramadhani ya 2005 mama watoto alinunua karai jipya, akalitundika kwenye msumari wake peke yake, nyama isikaribie. Alikaanga humo kaimati na vitumbua, akapika na mbaazi za nazi. Diwali ilikuwa tarehe 1 Novemba. Sinia lilishuka, nasi tukalikata saumu kwa ladu za Ba, ambazo, tukisema kweli, zina samli nyingi mno kwa mtu aliyefunga kutwa. Mlinzi alipoona siku tatu zapita akagonga mlango kuuliza kama tumepatwa na msiba, na tangu hapo sahani zikawa tatu.

Jamaa ile ilihamia Uingereza, mji wa Leicester, mwaka 2011. Ba alifariki huko. Binti yetu na mjukuu wake, sasa watu wazima, huandikiana kwa simu. Katika kufunga mizigo walisahau kwetu sinia la stili, na lingali juu ya kabati. Mwaka jana mtu wetu mmoja alipokuwa akisafiri kwenda huko tulimwomba atuchukulie, akakubali. Mama watoto akalishusha, akalifuta vumbi, akasimama nalo jikoni akiuliza ni kitu gani atakachotia ndani kisichoharibika njiani, hata mtu wetu akaondoka, na sinia likarudi juu ya kabati.